Tangi la Siku Mia Moja

Katika shamba lote la Kwa Mapua hakuna mwanamke aliyenishinda kwa hesabu. Nilisoma mpaka darasa la nne. Niseme ukweli wote: darasa la tatu nilikaa miaka miwili, na la nne niliingizwa kwa sababu mwalimu alichoka kuniona mahali pamoja. Lakini kujumlisha najua. Kutoa pia najua, kama hakuna kukopa. Kugawanya ndiko kulinifanya nikaolewa.

Jina langu ni Wangu. Mwaka huo wa 1971 nilikuwa mjane. Watoto wangu walikuwa wameenda kutafuta kazi, mmoja Nakuru na mwingine Gilgil. Nilikaa peke yangu katika nyumba ndogo ya mabati. Nyuma ya nyumba palikuwa na mapipa mawili. Watu wakiniuliza ni ya nini, niliwaambia ni ya kuwekea mahindi.

Kwa Mapua ni shamba la zamani la Mzungu, kando ya barabara ya kwenda Solai. Mzungu huyo alikuwa na pua iliyofika mahali kabla yake. Alipouza na kwenda kwao, sisi tulinunua kwa chama, tukagawana. Upande wetu, karibu na lile ghala kubwa la ngano, tulikuwa maboma kumi na mawili. Tulipata udongo mzuri. Maji hatukupata.

Mto uko maili tatu chini ya mteremko. Kwenda ni maili tatu, na kurudi ni maili tatu, lakini zile za kurudi ni ndefu zaidi, kwa sababu unapanda na debe mgongoni, kamba ikiwa kwenye paji la uso. Mvua ikiwapo tulikinga maji ya paa. Shida ilianza katikati ya Desemba. Kuanzia hapo mpaka karibu na mwisho wa Machi, mbingu hufungwa. Ni kama siku mia moja. Siku hizo mia moja ndizo zilizotukunja migongo.

Jirani yangu wa karibu alikuwa Wachuka, mke wa kijana aliyefanya kazi kwenye mashine ya mbao huko Elburgon. Yeye alikaa hapa na mama mkwe wake, mama mgonjwa wa miguu. Kwa hiyo maji yote aliyabeba Wachuka. Machi ya mwaka huo, akiwa na mimba ya miezi sita, aliteleza kwenye ule mteremko. Mtoto hakuishi. Muuguzi wa zahanati alimwambia wazi kwamba akishika mimba nyingine, asibebe debe tena.

Mwezi wa Agosti alikuja kwangu jioni, akakaa karibu na moto. Nikampa chai. Alipoimaliza akaniambia kwa sauti ya chini.

"Cucu, nina miezi miwili."

Cucu ndiyo nyanya kwa lugha yetu. Nilimuuliza atajifungua lini. Akasema mwisho wa Machi. Tukatazamana. Mwisho wa Machi ndio wakati ambao hata mto wenyewe huwa unatafuta maji.

Hakuwa amemwambia mtu mwingine. Mimba changa haitangazwi. Siri hiyo tuliishika watu wawili tu, na mmoja wao ni mimi ambaye kwa kawaida siri hunikaa kama maji kwenye kikapu. Lakini hiyo niliishika.

Sasa, kamati yetu ilikuwa tayari imeamua kujenga tangi la kukinga maji kutoka paa la ghala. Mwenyekiti alikuwa Mzee Mathenge. Kabla ya Uhuru, Mathenge alifanya kazi kwa yule Mzungu kwenye josho miaka kumi na tisa. Josho ni mfereji wa simiti wenye dawa. Ng'ombe huingia mmoja mmoja, huogelea, hutoka upande wa pili bila kupe. Siku hizi Mathenge alikuwa mzee wa kanisa. Alimweleza kila mtu, hata ambaye hakuuliza, kwamba hajaonja pombe tangu mwaka wa 1958.

Mathenge ndiye aliyechora tangi. Lilikuwa na urefu wa futi thelathini na upana wa futi nne. Tulilisifu sana. Ukisimama upande mmoja, mtu aliye upande wa pili ni mdogo. Tuliona hayo ndiyo maji. Wanaume walianza kuchimba, na baada ya juma moja mtaro mrefu ulikuwa tayari.

Fundi alitoka Nakuru siku ya Jumamosi na lori la mawe na simiti. Jina lake Jaswant, Singh wa kilemba cha buluu, mtu mnene mwenye macho ya kucheka. Alishuka, akauzunguka mtaro. Akauzunguka mara ya pili. Halafu akamuuliza Mathenge:

"Ng'ombe iko wapi?"

Mathenge akasema hakuna ng'ombe, hili ni tangi la maji.

"Mzee, hii iko josho. Ng'ombe napita moja moja, sawa. Maji unataka yeye apite wapi? Maji hapana ogelea kwa foleni."

Watu walitazama chini. Mathenge alikasirika. Alisema yeye amekaa na birika la simiti miaka kumi na tisa na halijawahi kuvuja. Tena mawe yamenunuliwa kwa kipimo hicho, na hakuna mengine. Tangi likibadilishwa, mawe hayatatosha.

Jaswant hakubishana. Aliomba chai. Kisha akaomba vikombe vyote vilivyokuwapo, na kamba.

Vikombe vilikuwa vyangu. Nilikuwa na vikombe ishirini vya bati. Mwanamke wa peke yake na vikombe ishirini. Hakuna aliyeuliza kwa nini, nami sikujieleza. Kamba ilikuwa ya Mathenge, ya kufungia ng'ombe.

Fundi alipanga vikombe saba chini kwa mstari mmoja, kimoja kikigusa kingine. Akachomeka vijiti vinne kwenye kona, akazungusha kamba kuvizunguka vikombe, akakata iliyobaki na kufunga ncha mbili pamoja.

"Hii iko tangi ya Mzee," akasema. "Kamba iko ukuta. Kikombe iko maji. Ngapi?"

Tukasema saba.

Aliviondoa vikombe na vijiti. Kamba hakuikata tena wala hakuiongeza. Aliivuta iwe na pande nne zilizo sawa, akachomeka vijiti upya. Akaanza kurudisha vikombe. Mstari wa kwanza vikaingia vinne. Mstari wa pili vinne. Wa tatu vinne. Wa nne vinne. Ile kamba iliyozunguka vikombe saba sasa ilizunguka vikombe kumi na sita.

Mathenge alipiga magoti. Aliipapasa kamba yote kwa vidole, mzunguko mzima, akitafuta mahali ilipoongezwa. Hakupaona.

Mwalimu Khisa alikuwa amesimama karibu. Huyu alikuwa kijana wa kutoka Bungoma. Alifundisha watoto katika nusu moja ya ghala, na sisi watu wazima alitufundisha siku mbili kwa juma alasiri. Alichukua kijiti, akaandika hesabu chini ili tuione.

Tangi la Mathenge lina kuta nne. Mbili ni futi thelathini kila mmoja. Mbili ni futi nne kila mmoja. Ukijumlisha, thelathini na nne na thelathini na nne, unapata futi sitini na nane za ukuta. Hayo ndiyo mawe tuliyo nayo.

Sasa gawanya sitini na nane kwa nne. Unapata kumi na saba. Kwa hiyo mawe yale yale yanajenga tangi la futi kumi na saba kila upande.

Halafu tazama sakafu. Ili kujua ukubwa wa sakafu, unazidisha urefu kwa upana. Ya Mathenge ni thelathini mara nne, yaani mia moja na ishirini. Ile nyingine ni kumi na saba mara kumi na saba, yaani mia mbili themanini na tisa. Ni zaidi ya mara mbili, na ukuta haujaongezeka hata jiwe moja.

Mwalimu alituambia tuweke jambo hili kichwani: kuzunguka mahali ni kipimo kimoja, na nafasi iliyo ndani ni kipimo kingine. Mtu anaweza kutembea sana kuzunguka kitu ambacho ndani hakina nafasi. Mimi nilifikiria shamba langu, ambalo pia ni refu kama mkanda, na ambalo nililichagua mwenyewe kwa furaha.

Mathenge aliuliza juu ya sakafu. Sakafu ikiwa kubwa si itakula simiti zaidi? Lilikuwa swali zuri, na fundi alimsifu. Alieleza kwamba ukuta mrefu wa futi thelathini ungesukumwa na maji mpaka utoe tumbo. Ungehitaji nguzo nyingi za kuushika. Ukuta mfupi unahitaji nguzo chache. Simiti ya nguzo ndiyo itakayotosha sakafu. Mathenge alifikiri, akaikunja kamba yake, akasema mtaro ufukiwe. Ninamheshimu kwa hilo. Wengi wangejenga josho kwa hasira tu.

Tangi lingekuwa na kina cha futi nane. Fundi alikuwa na sanduku la mbao la kupimia mchanga, futi moja kila upande: urefu, upana na kina. Tulilitandika nailoni, tukamimina maji. Liliingia debe moja na nusu. Mwalimu akazidisha mbele yetu. Sakafu mia mbili themanini na tisa, mara kina cha nane, ni masanduku elfu mbili mia tatu na kumi na mawili. Kila sanduku debe moja na nusu. Tangi zima litachukua debe elfu tatu mia nne sitini na nane.

Watu walipiga makofi. Ni hesabu ambayo hata kuitamka inakata kiu.

Wachuka alikuwa amekaa nyuma. Hakupiga makofi. Aliuliza polepole kama maji hayo yatafika mwisho wa Machi.

Jaswant alipangusa masharubu. "Mama, mimi najua tangi nachukua ngapi. Wewe ndiyo najua nakunywa ngapi."

Na hapo ndipo tulipogundua kwamba hakuna aliyejua.

Mwalimu Khisa alitoa daftari. Alisema ni kazi rahisi, kila boma liseme lina watu wangapi. Akaanza na Jepkosgei, ambaye boma lake lilikuwa na watoto kila mahali, hata juu ya mti. Jepkosgei akatazama kando.

"Tuko tu," akasema.

Mwalimu akauliza boma la pili. Nao wakasema wako kiasi. La tatu wakasema wako wa kutosha. Alipofika kwangu, mimi ninayekaa peke yangu, nami nikasema tuko tu, nisionekane tofauti.

Mathenge alimvuta Mwalimu pembeni akamweleza. Kwetu mtoto hahesabiwi. Mbuzi pia hahesabiwi kwa kidole. Ukitaja idadi yao unaita baya lije kuipunguza. Jepkosgei alisema hata kwao Wakalenjin ni hivyo. Mimi nilimtazama Wachuka. Alikuwa ameweka mkono wake tumboni, chini ya shuka, na kichwa chake kilikuwa kinatikisika kukataa.

Nilidhani Mwalimu atacheka. Hakucheka. Alifunga daftari, akafikiri kidogo.

"Basi sitaki watu," akasema. "Nataka debe. Debe haina mama wa kuihofia."

Akatupangia hivi. Kila boma lichukue chupa tupu. Kila mara mtu anapomaliza debe moja ya maji, kwa kunywa au kupika au kuoga, atie punje moja ya mahindi ndani ya chupa. Afanye hivyo siku saba bila kuruka. Siku ya nane tulete chupa.

Tulikubali. Punje za mahindi hazina ubaya wowote, na tena tulikuwa nazo nyingi.

Jepkosgei hakuwa na chupa, akatumia bakuli. Siku ya tatu kuku waliingia jikoni. Alikuja kwa Mwalimu na punje zilizobaki, akasema ataongeza chache kwa kukisia, kwa sababu anakumbuka vizuri. Mwalimu alikataa. Alisema hesabu iliyoliwa na kuku haijazwi kwa kukisia. Ukitia namba ya kubuni, jibu lote linakuwa la kubuni. Alimpa chupa, akamwambia aanze upya, nasi wengine tukamngoja juma zima.

Siku ilipofika, Mwalimu alitandaza gunia chini. Kila boma lilimwaga punje zake na kuzipanga kwa mstari ulionyooka, mmoja chini ya mwingine. Mistari yote ilianzia kwenye ukingo mmoja wa gunia. Kwa njia hiyo hukuhitaji kusoma. Ulitazama tu ni mstari gani mrefu na ni upi mfupi. Wachuka na mama mkwe wake walikuwa na punje kumi na nne. Jepkosgei, na jeshi lake lote, alikuwa na ishirini na nane.

Mstari wangu ulikuwa na thelathini na tano.

Nilikuwa nimefikiri kupunguza punje nyumbani. Lakini yale maneno ya kuku yaliniingia. Nikatia zote, nikijua kwamba mwanamke mwenye akili hatakosa la kusema.

Watu walitazama mstari wangu. Walinitazama mimi. Mathenge ndiye pekee aliyekuwa anatazama ghala. Mwalimu akauliza kwa adabu kama nilikuwa na wageni.

"Naoga," nikasema. "Mwili wa uzee unataka maji."

Mwalimu alisema sawa. Sikupenda alivyosema.

Aliendelea kutufundisha. Alichukua punje saba kutoka mstari wa Jepkosgei, akazihamishia kwa Wachuka. Mistari yao miwili ikawa sawa, ishirini na moja kila mmoja. Akasema hiyo inaitwa wastani. Ni kana kwamba unamwomba aliye na nyingi ampe aliye na chache, mpaka wote walingane. Haina maana kwamba kila boma linatumia hivyo. Ina maana kwamba ukiwaweka pamoja, hicho ndicho kipimo cha katikati. Alisawazisha mistari kumi na mmoja bila wangu, na yote ikawa ishirini na moja. Ukigawanya kwa siku saba, ni debe tatu kwa siku kwa kila boma.

"Na wa Cucu?" Wachuka akauliza.

Thelathini na tano kwa saba ni tano. Debe tano kwa siku, mtu mmoja. Mwalimu alisema mstari ulio mbali namna hiyo na mingine haufutwi tu. Kwanza unaulizwa sababu. Nami sababu nilikuwa nimeitoa.

Kisha alijumlisha zote. Punje mia mbili sitini na sita. Kwa siku saba, ni debe thelathini na nane kila siku. Kwa siku mia moja, debe elfu tatu na mia nane. Na tangi lina elfu tatu mia nne sitini na nane.

Hakukuwa na makofi. Hata mimi niliweza kutoa hesabu hiyo, pamoja na kukopa kwake. Zilipungua debe mia tatu thelathini na mbili. Mwalimu alisema tangi litakauka karibu siku tisa kabla ya mvua.

Siku tisa za mwisho wa Machi.

Wachuka aliinuka, akasema mama mkwe wake anamngoja. Nilimtazama akienda. Alitembea kama mtu ambaye tayari ana debe mgongoni.

Watu walizungumza juu ya kuongeza mawe, na mawe hayakuwapo. Wakazungumza juu ya kila mtu apunguze kidogo. Mimi nilikwenda nyumbani, nikakaa nyuma ya nyumba kati ya mapipa yangu mawili. Nilichukua punje zangu, nikazipanga chini. Nilitoa saba, debe moja kwa siku, ambayo inatosha kabisa mwanamke wa peke yake na miguu yake. Nikahesabu zilizobaki: ishirini na nane, yaani debe nne kwa siku. Halafu nikafanya hesabu yote upya. Thelathini na nane toa nne ni thelathini na nne. Mara mia moja ni elfu tatu na mia nne. Tangi lina zaidi ya hizo.

Nilirudia mara tatu, kwa kuwa najijua. Jibu lilikuwa lile lile. Siku zile tisa hazikuwa za mbingu wala za mawe. Zilikuwa zangu.

Asubuhi nilimkuta Mwalimu akifungua darasa. Nilimwambia nimefikiri, nimeona kuoga sana kunaharibu ngozi. Wakati wa kiangazi nitatumia debe moja kwa siku. Aliandika kwenye daftari. Aliniuliza kama nina hakika. Nikasema ngozi ni yangu.

Tangi lilijengwa mwezi wa Septemba. Wanaume walisomba mchanga, na sisi wanawake tulivunja kokoto. Jaswant alipanga kuta, akapiga lipu mara mbili. Tulifunika juu kwa mbao na mabati, mbu wasizae humo. Mvua za Oktoba na Novemba zilipiga lile paa kubwa la ghala, na maji yakaja kwa mfereji yakiimba. Mwanzo wa Desemba yalifika kwenye alama ya juu.

Ufunguo wa bomba alipewa Wachuka, kwa sababu kufungua bomba si kubeba. Mathenge aliamuru kwamba maji ya boma la Wachuka yabebwe na vijana wa jirani kwa zamu. Wakati huo tumbo lilikuwa limejitangaza lenyewe.

Wachuka aliandika ukutani kwa makaa. Kila boma lilikuwa na mstari wake. Kila debe ilikuwa kijiti kimoja kilichosimama. Vikifika vinne, cha tano kilipigwa kwa kulala juu ya hivyo vinne, na hapo una fungu la tano. Ni rahisi kuhesabu mafungu kuliko kuhesabu vijiti. Kila Jumapili alijumlisha, akalinganisha na maji yaliyobaki. Alikuwa amejifunza kusoma mwaka huo huo, lakini kwa hesabu alikimbia kama mtu aliyefunguliwa kamba. Boma likipita kipimo chake, aliwaambia siku ile ile, sio baada ya maji kwisha.

Januari ikapita. Februari ikapita. Wageni wangu wa Jumamosi, wanaume wa machimbo ya mawe, walikuja kunisalimu mara mbili tatu, wakakuta chai tu. Waliacha kuja. Nilihisi upweke, siwezi kuficha.

Siku ya tisini na nne, alfajiri, Wachuka alijifungua mtoto msichana. Mimi ndiye niliyepasha maji ya kumwogesha. Debe ile ilitoka kwenye tangi, hatua arobaini kutoka mlangoni. Siku ya tisini na nane mvua ilinyesha. Tulifungua kifuniko cha tangi, tukatumbukiza mti wa kupimia. Maji yalikuwa bado yanafika kwenye kifundo cha mguu.

Jumapili moja ya Aprili tulikutana chini ya mabati ya ghala kunywa chai ya mtoto. Vikombe vilikuwa vyangu. Jaswant alikuja na mkewe Sarla, wakaleta peremende. Mathenge alisimama, akasema alikuwa amepanga kutujengea josho na anashukuru kwamba alizuiwa. Kisha akaniomba nisimame. Akawaambia watu kwamba Cucu Wangu aliacha kuoga ili maji yafike.

Ningekaa kimya, yangeishia hapo. Lakini sifa ni kitu kitamu. Nilisema ndiyo, siku mia moja nimejinyima, na mwili wangu niliouzoeza maji tangu ujana umevumilia kwa ajili ya mtoto huyu.

Wachuka alikuwa amekaa na mtoto kifuani. Aliinua macho, akatazama ukuta wa makaa, kisha akanitazama mimi. Alikuwa anatabasamu.

"Cucu, kuna hesabu moja imenisumbua kiangazi chote. Juma lile la punje ulitumia thelathini na tano. Ukatuonyesha kwamba saba zinakutosha. Thelathini na tano toa saba ni ishirini na nane."

"Nilikuwa naoga," nikasema.

"Pipa moja linaingia debe kumi na moja. Nilipima la shule. Mapipa mawili ni debe ishirini na mbili."

Nikasema mapipa yangu ni ya mahindi. Mwalimu Khisa alikuwa anatazama ndani ya kikombe chake kwa makini sana.

"Sawa, ni ya mahindi," Wachuka akasema. "Lakini ishirini na nane toa ishirini na mbili ni sita. Hizo sita ndizo zinanishinda. Kila juma kuna debe sita, na sioni zilikwenda wapi."

Nilifungua mdomo nitafute neno, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikulipata. Kando yangu Mzee Mathenge, ambaye alikuwa akifuata hesabu ile kwa vidole, alitikisa kichwa kama mtu anayemsaidia mtoto kwa swali rahisi.

"Hizo sita ni za kuoshea vikombe," akasema.